Uzi Uliopakwa Mafuta ya Kondoo

Leonise huonja maji ya ngama. Hilo ndilo la kwanza watu watakalokwambia habari zake. Huteremka ndani ya mashua inayouzwa, akainua ubao wa sakafu, akachovya kidole katika yale maji meusi yaliyotuama chini kabisa, akakilamba. Akitema haraka, ni chumvi, bahari inaingia kutoka chini. Akitulia kidogo, ni ya mvua, basi sitaha inavuja juu. Na wazungu wanaotaka kununua husimama nyuma yake na kofia mkononi, wanangoja majibu kama wako kwa daktari. Mimi, Hesketh, nimeunda mashua kumi na moja kwa mikono hii unayoiona, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunivulia kofia.

Nakwambia mapema usije ukasema nilikuficha. Mwanamke huyu nilimwonea wivu miaka kumi na tisa. Sina mapenzi naye wala sijawahi kuwa nayo, Mungu apishe mbali. Nilikuwa na donge la kazi, na donge la kazi ni baya kuliko la mapenzi, maana mapenzi huzeeka.

Sisi ni watu wa Windward, kaskazini ya kisiwa cha Carriacou, huku Karibi. Kwetu mtoto hushika tezo kabla hajashika kijiko. Babu yangu Isaiah aliunda mashua, baba yangu Cuthbert aliunda mashua, nami nikaunda. Leonise ametoka L'Esterre, na baba yake alikuwa mchunga kondoo. Kondoo! Mtu hajui omo wala tezi, mbele ya chombo wala nyuma. Mumewe alikwenda Uingereza kutafuta kazi, akapotelea huko moja kwa moja, ndipo yule bibi akachukua ndoo na brashi akaenda Tyrrel Bay, kwenye yadi wanakopandisha mashua nchi kavu msimu wa vimbunga. Kazi yake ilikuwa kusafisha ndani. Ukungu, dizeli, samaki waliooza chini ya vitanda, yote yake. Akasugua hivyo miaka sita bila mtu kumjua jina.

Siku moja akaja Mfaransa kutoka Martinique kununua mashua nzuri kwa macho, nyeupe, matakia mapya. Leonise alikuwa sakafuni na brashi yake. Akasema, "Bwana, hii usinunue." Yule Mfaransa akacheka. Leonise akapanda juu, akagonga sitaha kwa mpini wa brashi. "Sikiliza hapa," akasema. Ko, ko, ko. "Sasa sikiliza hapa, karibu na mlingoti." Bu, bu. Wakatoboa tundu moja dogo, na mbao laini iliyokuwa katikati ya tabaka mbili za faiba, ile plastiki ngumu ya mashua za kisasa, ikatoka kama uji. Mfaransa akanywa ramu tatu siku ile, na kila mtu aliyemjua huko kwao akaambiwa: ukitaka mashua kuukuu Carriacou, kwanza mtafute bibi mwenye brashi.

Basi ikawa hivyo. Akaacha ndoo, akashika bisibisi ya zamani anayogongea kwa mpini wake. Wenye kuuza wakamwogopa, wenye kununua wakampangia foleni. Mimi nikakaa dukani kwa Titus, pale tunapokunywa, nikasema yangu. "Mtoto wa mchunga kondoo anatibu mashua," nikasema. "Ngojeni, kesho kutwa kondoo wenyewe watasoma misa." Watu wakacheka. Lakini nikimaliza kuchekesha, Titus alikuwa akiniuliza, "Na wewe, Hesketh, mashua ya kumi na mbili unaanza lini?" Nani anaagiza mashua ya mbao siku hizi? Watu wananunua faiba iliyokwisha kutumika, bei nafuu, wanapaka rangi, wanaondoka.

Sasa nina binti, Coralie. Mama yake, Eunice, alifariki Coralie akiwa na miaka tisa, nikamlea mwenyewe kati ya vipande vya mbao. Alifanya kazi miaka minane katika mashua za watu, akitembeza wageni kutoka Grenada mpaka visiwa vya juu, mpaka akapata cheti cha unahodha. Siku moja akanipigia simu.

"Baba, nimepata mashua. Futi thelathini na sita. Iko Tyrrel Bay. Mwenyewe ni Mkanada, kazeeka, anataka kurudi kwao."

"Ya nini kwako?"

"Nitembeze wageni wangu mwenyewe. Na msimu ukiisha nivuke nayo, baba. Mpaka ng'ambo. Nimechoka kuvusha za wengine."

Moyo wangu ulijaa, siongopi. Nikasema, "Vizuri. Kesho asubuhi nakuja kuikagua."

"Shangazi Leonise anakuja Alhamisi. Nimeshamwambia."

"Leonise! Tangu lini kawa shangazi yako? Na mimi je? Mimi nimekufa?"

"Baba, usianze. Wewe ni fundi wa mbao. Hii ni faiba."

"Mashua ni mashua!"

"Ndivyo unavyosema siku zote," akasema, na akakata simu.

Nikaenda dukani. Kabla sijaketi Titus akaniwahi. "Hesketh, nasikia mgonjwa wa nyumbani kwako kapelekwa kwa mganga wa jirani!" Watu wakaangua kicheko. Habari imefikaje kabla yangu, sijui. Kisiwa hiki hakina mlango. Nilikunywa ramu yangu ya Jack Iron ikaniunguza koo, na roho ikaniuma vibaya sana. Binti yangu mwenyewe, niliyemfundisha kuogelea kwa kumtupa majini, anakwenda kuuliza uhai wake kwa mwanamke wa ndoo.

Alhamisi nikaenda bila kualikwa. Mashua ilikuwa imesimama juu ya mkuku wake, lile pezi zito linalofungwa kwa bolti chini ya tumbo, imeegemezwa gadi za chuma pande zote, nyeupe, jina lake Marguerite. Coralie aliponiona akakunja uso lakini akanibusu. Leonise akasema, "Hujambo, mzee Hesketh," kwa adabu zote, nami nikamjibu kwa pua.

Nikaizunguka. Nilipofika upande wa nyuma, chini ya usukani, pana mahali rangi nyeupe imebanduka. Chini yake palikuwa na buluu. Na ukingo wa chini wa ule usukani una kovu la umbo la mwezi mchanga.

Nilikuwa naijua mashua hii. Miaka tisa nyuma ilikuwa buluu, na jina lake lilikuwa Solveig, ya Mnorwe mmoja. Aliipandisha juu ya mwamba pale mlangoni mwa ghuba, na mahali mkuku unaposhikana na tumbo, upande wa mbele, pakafunguka ufa wa kuingia msumari. Wiki hiyo Leonise alikuwa Grenada, bintiye amejifungua. Mnorwe akanijia mimi. Unajua furaha niliyokuwa nayo? Nikaitengeneza kama alivyonifundisha baba. Nikasokota pamba, nikaipaka mafuta ya kondoo, nikaipigilia ndani ya ufa kwa nyundo, nikaziba kwa chokaa iliyokandwa na mafuta, nikapaka rangi juu. Katika mbao hiyo ni dawa. Mbao hunywa maji, huvimba, na baada ya siku tatu majini mshono umefunga wenyewe hata maji hayapati pa kupita.

Lakini faiba hainywi. Faiba haivimbi. Ufa ulibaki vilevile, na maji yakawa yanapita polepole katika pamba yangu kuzifikia bolti za mkuku. Siku ile nilipokuwa nikipigilia, moyoni nilikuwa na shaka, na sikumwuliza mtu. Ningemwuliza nani? Leonise?

Sasa nimesimama pale, na ulimi wangu unajua la kusema. Sema, Hesketh. Sikusema. Nilimwangalia Leonise akigonga sitaha, ko ko ko, akivuta nyaya za mlingoti kwa kidole, akilala kifudifudi ndani na tochi mdomoni, nami nikawa naomba, ndiyo, naomba, akikose kile kidonda. Nikajiambia: akikosa, mwishoni nitaingia mimi, nitaonyesha, na watu wataona fundi ni nani. Kwamba kuonyesha ni kujitaja mwenyewe, sikutaka kufika huko.

Leonise akachovya kidole katika ngama, akalamba, akatema papo hapo. "Chumvi," akasema. "Kidogo, lakini chumvi." Akateremka ngazi, akaja chini kwenye mkuku, akapitisha kiganja juu ya rangi kama anayetafuta homa. Akasimama mahali penyewe. Akatoa kisu kidogo, akakwaruza rangi, akakwaruza chokaa, akaingiza ncha. Akavuta. Ukatoka uzi wa pamba, mrefu kama mkono, wa kijivu.

Akaunusa.

Binti wa mchunga kondoo! Nilimcheka miaka kumi na tisa kwa hilo, na sasa pua ya baba yake ndiyo iliyonikamata. Windward nzima hakuna tena anayepaka pamba mafuta ya kondoo, wote hununua dawa ya kuzibia madukani, nimebaki mimi peke yangu. Tena mimi ni mashoto, pamba yangu husokotwa kinyume. Leonise akaugeuza uzi mara mbili kwenye vidole. Kisha akaniangalia juu ya bega la Coralie, mara moja tu, akaufunga katika ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Mwanangu," akamwambia Coralie, "usinunue hii mpaka mkuku ushushwe na bolti zionekane. Mlingoti mzuri, sitaha nzuri, tumbo zuri. Ugonjwa uko hapa tu."

"Nani kafanya ujinga huu?" Coralie akauliza.

"Mtu wa mbao. Kazi ya mkono ni safi kabisa. Dawa tu ndiyo si ya ugonjwa huu."

"Unamjua?"

"Mashua hupita bandari nyingi, mwanangu," akasema Leonise, na akaanza kufuta kisu chake.

Angenitukana ningelala usingizi. Angesema jina langu pale pale ningempiga kelele, ningemwita mwongo, ningekwenda dukani nikachekesha watu. Yeye akanisitiri. Nilirudi nyumbani na hasira. Kunizidi kwa kazi hakumtoshi, sasa ananizidi na kwa wema! Wiki nzima sikula vizuri.

Mkanada akapunguza bei, Coralie akanunua, yadi wakashusha mkuku. Nilipita siku hiyo kama mtu aliyepotea njia. Bolti zilikuwa tisa, wamezipanga juu ya gunia. Saba zilikuwa na kutu ya kawaida. Mbili za mbele zimeliwa katikati, zimebaki nyembamba kama penseli. Nikaokota moja. Nikaipinda kwa mikono miwili, ikakatika. Nikamwona mwanangu katikati ya bahari, hakuna nchi kulia wala kushoto, wimbi linaipiga mashua ubavu na mkuku unadondoka. Nikavirudisha vile vipande viwili juu ya gunia, nikaenda zangu.

Bolti mpya zikaja, kiungo kikafungwa upya kwa gundi yake, na Coralie akapanga siku ya kuishusha. Mashua iliyokwisha kutumika haidai sherehe, inashushwa na mashine kwa mikanda tu. Lakini nani Carriacou atakuwa na mashua mpya kwake asichinje kondoo? Tukakubaliana mashine itaishika, ila chini ya ubavu tuweke gadi moja ya mti, na fundi aikate kwa shoka kama ilivyo mila. Gadi nikaitoa mimi. Na hapa nakiri jingine: upande wa nyuma, usioonekana, niliitia msumeno mpaka zaidi ya nusu, nikaziba kwa nta na unga wa mbao. Nilitaka ikatike kwa pigo moja mbele ya watu wote. Hasa mbele ya mtu mmoja.

Siku ikafika, Jumapili baada ya misa. Sufuria za nyama zinachemka, madonge ya ugali, mbaazi, fidla na ngoma. Jina jipya limefunikwa kitambaa. Coralie akaja na shoka la marehemu babu yake.

"Baba," akasema, "wewe ndiye fundi wa ukoo huu. Shika."

Nikashika. Miaka mingi nilikuwa naingoja siku ya namna hii.

Katika ukoo wetu, kabla ya kupiga, fundi huimwagia gadi ramu, akawaita waliotangulia, akawaambia mkono wake ulifanya nini katika mashua hii. Kila fundi aliyenitangulia alisema, na mbele ya wafu hakuna aliyewahi kuongopa. Nikamwaga. "Babu Isaiah," nikasema. "Baba Cuthbert. Mkono wangu..." Na ulimi ukagoma. Nilitaka kusema mkono wangu haukugusa mashua hii. Ramu inachuruzika, watu wanangoja. Leonise alikuwa amesimama karibu na sufuria, anaangalia chini ili asinitazame. Hilo ndilo lililonishinda. Sikuweza kusitiriwa naye siku nyingine zaidi.

"Mkono wangu uliitia pamba," nikasema kwa sauti. "Miaka tisa iliyopita, ilipokuwa Solveig. Ule ufa ni mimi. Nilidhani faiba hufunga kama mbao. Na Leonise alijua, akanyamaza."

Fidla ikakoma. Hata Titus, mdomo wake ambao haujawahi kufungwa, ulifungwa. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilikwisha kuzaa, na niliyemzaa ndiye aliyekuwa mbele yangu, ananiangalia kama mgeni. Akasogea karibu ili wengine wasisikie.

"Siku ile ulikuwa umesimama pale pale, baba. Shangazi asingeuona ule uzi, ungeniambia?"

Nilitafuta jibu zuri. Nililitafuta kwa dhati.

"Sijui, mwanangu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akalitoa shoka mkononi mwangu kwa upole, kama unavyomwondolea mtoto kisu, akaenda nalo mpaka kwenye sufuria.

"Shika, shangazi."

"Mimi? Coralie, sijawahi kushika shoka kwa kazi hii. Utaniaibisha."

"Wewe ndiye uliyeuona ugonjwa wake. Shika."

Leonise akaja, amelishika shoka kama ufagio. Akanong'ona neno lake kwa wafu wake, wachunga kondoo. Akainua, akapiga.

Pwaa! Gadi ikakatika vipande viwili, pigo moja. Watu wakalipuka kwa vifijo, ngoma ikaingia, kitambaa kikavutwa na jina likaonekana: Eunice, jina la mke wangu. Titus akapata tena mdomo wake. "Wacha wee! Pigo moja! Hesketh, wewe mashua ya kumi na moja ulipiga mangapi?"

"Manne," nikasema.

Leonise alikuwa ameinama kuokota kipande cha gadi. Akaona njia ya msumeno, akaona nta. Akanitazama. Nikamtazama. Kisha akakichomeka chini ya sufuria ya nyama, katikati ya moto, na kuvunga kama anayechochea kuni. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Mashine ikaishusha Eunice mpaka ikaelea. Waliokuwa na haki wakapanda, mimi nikabaki gatini. Baada ya kitambo, Coralie akatoa kichwa pale mlangoni mwa chumba cha chini. Hakutabasamu.

"Baba. Njoo uonje."

Nikapanda. Leonise alikuwa ndani, ubao wa sakafu umeinuliwa, akanipisha. Nikapiga magoti ya uzee wangu, nikapeleka kidole mpaka chini kabisa, juu ya mahali palipokuwa na pamba yangu, nikakilamba. Vumbi na rangi mpya.

"Pakavu," nikasema.

"Shangazi keshasema," Coralie akajibu. Lakini akasogeza miguu yake kwenye benchi, nikapata pa kukaa.